Boksi la Nerissa

Ijumaa asubuhi, Ate Delia alikuwa jikoni akikaanga samaki wakavu, madirisha yote yamefungwa ili jirani wa juu asije tena kugonga mlango kwa sababu ya harufu. Nerissa alipiga magoti kwenye pembe ya chumba, akatumbukiza taulo la maua ndani ya boksi. Mkono mdogo ukalipokea.

Boksi lile lilikuwa wazi tangu msimu wa joto. Kila Mfilipino wa Doha analo lake, la karatasi ngumu, kimo chake kiunoni, na hulijaza taratibu kadiri mshahara unavyoruhusu: leo sabuni, mwezi ujao nyama ya kopo, mpaka lishibe, lifungwe, lipande meli kwenda nyumbani. Nerissa aliinama, akaondoa pakiti za kahawa, akamkuta binti yake Mirasol amekaa juu ya mashuka akinyonya kidole. Nywele zake zilikuwa na kibanio kilekile cha alfajiri ile mama yake alipomwacha kitandani, huko kwao Guimbal, Ufilipino. Alikuwa na miaka minne, kama siku ile.

"Mwambie asikanyage sabuni," Ate Delia alisema kutoka jikoni.

Ate ni dada mkubwa, na Delia alikuwa dada mkubwa wa chumba kizima: wanawake wanne, vitanda viwili vya kupandana, pazia mbele ya kila kitanda. Jovelyn, mdogo wao, alichungulia kutoka juu.

"Huyo ana viza?"

"Ana miaka minne, Jovelyn."

"Basi akae mbali na mlango. Mimi ninayo na bado natembea kwa kunyata." Akashuka kumtafutia wali.

Kulikuwa na jambo moja tu la kuhakikisha. Mirasol mwingine, yule wa kwenye simu, alikuwa Guimbal kwa bibi yake, ametimiza miaka kumi na miwili, yuko darasa la mwisho la shule ya msingi. Nerissa akapiga simu. Yule akapokea, ndio kwanza katoka shule, anatafuna ndizi ya kukaanga. Watoto wawili wakatazamana kwenye kioo cha simu.

"Nani huyo?" mdogo akauliza.

"Ni wewe," mama yake akajibu.

"Mrefu."

"Nay, mwambie asiguse chokoleti zangu," mkubwa akamwambia mama yake, akaaga, akaenda kufua.

Tangu hapo Mirasol mdogo alitoka boksini kila Ijumaa asubuhi, na jua likizama alirudi, akajifunika taulo. Katikati ya juma hakuonekana, na hilo lilikuwa jambo jema, maana Nerissa alikuwa saluni akipaka watu rangi za kucha tangu asubuhi hadi usiku. Ijumaa walikwenda bustanini kama watu wote. Walitandika mkeka kwenye majani yanayomwagiliwa kwa mabomba, wakafunua sufuria la tambi, wakawasha mashine ya kuimbia, na Jovelyn akaharibu nyimbo za mapenzi mpaka wenye mikeka ya jirani wakahama. Mlinzi wa bustani, kijana wa Kakamega, aliuliza tu kama mtoto ametoka kwenye boksi, kwa kuwa asubuhi ile alikuwa ameshaona watatu. Aliomba wasikae karibu na maji.

Nerissa alikuwa na furaha. Alimsuka nywele, akazifumua, akazisuka tena. Dukani alimvalisha viatu vyekundu vyenye kishikizo, akabonyeza ncha kwa kidole gumba kuona nafasi, kitendo alichokikosa miaka minane. Kila mwaka alituma viatu kwa kukisia, na kila mwaka bibi mtu aliwagawia watoto wa jirani.

"Safari hii sikosei," alisema.

Ate Delia alivitazama vile viatu. "Mguu unaoupima wewe siyo mguu utakaovivaa."

Nerissa alivifuta vumbi, akaviingiza boksini.

Mwenye saluni hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha. Alitoa zawadi kila Idi, aliuliza habari za bibi mgonjwa, na pasipoti za wasichana wote alizifungia kwenye droo ili, alivyosema, zisipotee. Likizo ya Nerissa ilikuwa imesogezwa mbele kila mwaka: baada ya Ramadhani, baada ya harusi, baada ya mwenzake kurudi. Subira huvuta heri, husema watu. Ya Nerissa ilikuwa imevuta maboksi tu.

"Madam, mwanangu anahitimu mwezi wa nne," alisema siku moja, akisafisha meza. "Kwetu mzazi hupanda jukwaani akambandika mtoto utepe."

"Mashallah! Mpe hongera zangu."

"Nilikuwa naomba kwenda, Madam."

"Mwezi wa nne? Wenye harusi zao wote wameshanipigia." Madam akamshika mkono. "Wewe ni binti yangu, Nerissa. Binti gani humkimbia mama yake kazi ikipamba moto? Utakwenda baada ya Idi."

"Idi ipi, Madam?"

Madam akacheka kwa dhati, akampa chupa ya marashi. Ijumaa ile mtoto aliyapokea marashi, akayanusa, akapiga chafya.

Sasa boksi lilikuwa limejaa kiasi kwamba mtoto alikaa magoti yakigusa kidevu. Bibi alipiga simu kuuliza kwa nini haliji, wakati meli huchukua miezi miwili na sherehe inakaribia. Nerissa alisema bado kidogo. Alitoa sabuni, akaipanga upya, akasema bado kidogo.

"Lifunge," Ate Delia akamwambia.

"Nikilifunga, Ijumaa nitakuwa na nani?"

"Na sisi."

"Nyie mnakoroma."

Ate Delia akaketi kando yake sakafuni. "Mimi wangu nilimfunga mwaka juzi. Unadhani nilipenda? Lakini mtoto hawezi kukulia kwenye boksi, mdogo wangu. Hakuna nafasi ya kunyoosha miguu."

"Alifika?"

"Alifika. Anakula vizuri."

Ijumaa iliyofuata Nerissa alilia siku nzima, akaimba kidogo kwenye mashine, akalia tena. Jua lilipozama alimvisha mtoto viatu vyekundu, akamlaza kati ya mataulo, akampa biskuti za njiani. Mtoto aliuliza kama mama naye anakuja. Nerissa akasema baada ya Idi. Kisha akavuta selotepu, mzunguko juu ya mzunguko, na Jovelyn akatoboa matundu pembeni kwa mkasi wa kucha. Watu wa mizigo walipokuja hawakupima uzito. Waliuliza tu upande upi ni juu.

Liliwasili salama. Bibi alilifungua mbele ya simu, mtoto akatoka akidai maji, na Mirasol mkubwa akamletea. Viatu vilimkaa barabara. Kuanzia hapo walilala kitanda kimoja, na mkubwa akawa ndiye anayemwogesha mdogo kabla ya kwenda shule.

Siku ya mahafali, Doha ilikuwa saa nne asubuhi. Nerissa aliiegemeza simu kwenye chupa ya dawa ya kutolea rangi, akaendelea na kucha za mama mmoja, shangazi wa bibi harusi. Huko Guimbal mwalimu alikuwa akiita majina kwa kipaza sauti. Mvulana mmoja alibandikwa utepe na koti la baba yake, lililopanda ngazi lenyewe, kwa kuwa baba yuko melini. Kisha likaja jina la Mirasol. Magoti ya bibi hayakuwa ya kupanda ngazi, kwa hiyo Mirasol alimshika mdogo mkono, wakapanda wawili.

"Mzazi yuko wapi?" mwalimu akauliza.

"Huyu atanibandika," Mirasol akasema. "Yeye ndiye aliyekaa na mama."

Mwalimu akaona ni haki, akampa mdogo utepe. Mirasol akapiga magoti. Utepe ulikaa upande, watu wakapiga makofi. Madam alipita nyuma, akachungulia, akasema mashallah, na kwamba wateja wa saa tano wameshafika.

"Watoto wazuri," yule mteja akasema. "Yupi wako?"

Nerissa akachovya brashi kwenye rangi.

"Yule mdogo."

"Na yule mrefu?"

Nerissa alimtazama msichana aliyepiga magoti jukwaani, mabega yake, namna alivyoinua uso.

"Yule huwa tunaongea kwa simu," akasema, akaomba mkono wa pili.