Risiva ya Kina Trewin

Nimeuza spika na amplifaya hapa Ballarat kwa miaka kumi na tisa, na mtu akiingia dukani na karatasi iliyokunjwa mfukoni najua nitakaa naye sana. Lindsay Trewin aliingia na karatasi mbili. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, na nje kulikuwa na manyunyu ya baridi yale yasiyonyesha vizuri wala kukoma.

Nilimfahamu kidogo, kama anavyofahamika na nusu ya mji. Alifanya kazi karakana ya reli miaka thelathini na minane, na watu walisema behewa likipita taratibu mbele yake aliweza kukuambia beringi ya gurudumu gani imeanza kuchoka. Nyumbani alikuwa na stereo aliyoinunua akingali kijana: amplifaya nzito kama jiwe la kusagia, spika mbili zinazonifika kifuani, na mashine ya santuri ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila yeye.

Alinieleza shida yake akiwa amesimama. Mkewe, Noreen, alitaka sauti ya sinema sebuleni. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba alikuwa amesoma kuwa ukitaka sinema nyumbani lazima ununue risiva, lile sanduku linalochukua sauti ya filamu na kuigawa kwenye spika tano, saba, hata kumi na moja, na kwamba watu wengi wakishaipata huiuza amplifaya yao ya zamani.

"Yangu haitoki," akasema. "Nitatangulia kutoka mimi."

Nikamwambia hakuna haja ya yeyote kutoka. Atafute risiva yenye matundu mawili nyuma ya kutolea sauti ya spika za mbele, aunganishe waya kutoka hapo hadi kwenye amplifaya yake. Wakiangalia filamu, zile spika zake kubwa zitakuwa za mbele, na risiva itaziendesha zilizobaki. Akitaka santuri zake, anaizima risiva, na muziki unapita njia ileile uliyopita siku zote.

Alisoma karatasi yake ya kwanza, akaipiga mstari, akaikunja. Kisha akafungua ya pili, akaonyesha kwa kidole risiva kubwa kuliko zote pale juu ya rafu, ya spika kumi na moja. Ningeweza kumfungia mzigo wake na kumsindikiza mlangoni. Badala yake nikamuuliza wanapenda filamu za namna gani.

Akaniambia kwamba kusema kweli anaangalia peke yake. Kwa karibu miaka miwili Noreen, wakishakula, anachukua kikombe chake cha chai na kwenda chumbani na tableti yake. Yeye alidhani televisheni yao sauti yake ni dhaifu na mwenzake imemchosha.

"Au nimemchosha mimi," akasema. Alitaka iwe mzaha lakini hakucheka.

"Mlete hapa," nikamwambia. "Mwenye kutaka sinema ndiye anayechagua."

Wakaja Jumanne asubuhi, duka likiwa kimya. Noreen alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, mwenye mkoba mkubwa ambao hakuuachia hata alipokaa. Nikawaketisha kwenye kochi katika chumba chetu cha kusikilizia, nikawasha ile risiva kubwa, nikaweka filamu ambayo ndani yake mume na mke wanazungumza dirishani huku mvua ikinyesha. Lindsay alifumba macho. Mvua ilikuwa nyuma yetu na juu yetu, na alikuwa akitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeonja mchuzi akauona umekolea.

Noreen alikuwa ananitazama mimi, midomo yangu, akingoja niseme kitu.

Nikaisimamisha filamu. Nikamuuliza yule mwanamke wa dirishani amemwambia nini mumewe.

"Mvua nimeisikia vizuri sana," akasema.

"Na maneno?"

Akaushika mkoba wake kwa mikono miwili. "Maneno siyapati. Wanaongea kama watu waliojifunika blanketi. Wote wanaongea hivyo siku hizi."

Lindsay akafumbua macho. Noreen hakungoja aulizwe. Akafungua mkoba, akatoa kijisanduku cheupe, akakiweka mapajani mwake. Ndani mlikuwa na vifaa viwili vidogo vya masikioni vya kusaidia kusikia, vipya kabisa. Alikuwa ameenda kupimwa mwezi wa kumi uliopita, akamwambia mumewe kwamba anaenda kwa dada yake, mjini Geelong. Tangu siku ile havijatoka kwenye mkoba. Chumbani anaangalia filamu zenye maandishi chini ya picha, sauti ameizima.

"Miezi minane, Noreen?" Lindsay akasema polepole. "Mimi ni mtu wa kufichwa?"

"Wewe unasikia chuma kikiumwa, Lindsay. Ningekuambiaje kwamba mimi sikusikii wewe ukiomba chumvi?" Sauti yake haikupanda. "Nikaona nikuombe sinema. Kitu cha sauti hujawahi kukikataa."

Niliinuka nikaenda kupanga waya ambazo hazikuhitaji kupangwa. Niliporudi Noreen alikuwa ameshavaa vifaa vyake, na Lindsay alikuwa anamrekebishia kimoja nyuma ya sikio, taratibu, kwa vile vidole vyake vinene.

Hapo tukaanza kuchagua upya. Nikawaeleza kwamba katika filamu karibu maneno yote hutoka kwenye spika moja, ile ya katikati chini ya televisheni, na kwamba Noreen hahitaji spika kumi na moja, anahitaji hiyo moja iwe nzuri. Tukachukua risiva ndogo ya spika tano, yenye yale matundu mawili nyuma na yenye uwezo wa kupandisha maneno bila kupandisha milipuko. Fedha iliyobaki tukaiweka kwenye spika ya katikati. Nikarudia filamu. Noreen alisikiliza mpaka mwisho wa mazungumzo.

"Kumbe anamwambia anahama," akasema. "Mimi nilidhani wanazungumzia mvua."

Ijumaa nilikwenda kwao kufunga. Amplifaya ya Lindsay ilikuwa ya zamani mno, haikuwa na namna ya kuachia risiva ishike sauti peke yake, kwa hiyo wakati wa filamu kitufe chake cha sauti kilipaswa kukaa mahali palepale kila mara. Noreen akaleta rangi yake ya kucha, nyekundu, na Lindsay, mtu ambaye hakuwahi kuruhusu hata vumbi likae pale, akaweka nukta kando ya kitufe kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha nikacheza milio ya kupimia, ile inayoanza kama ngurumo na kupanda hadi kuwa kama mbu. Noreen alikunja uso, akasema huo wa mwisho unachoma. Lindsay alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja.

"Utaanza lini?" akaniuliza.

Noreen ndiye aliyemwambia mlio ulikuwa umeshalia na kuisha. Lindsay akaomba niurudie. Nikaurudia. Akamtazama mkewe, na mkewe akatikisa kichwa kwamba ndiyo, unalia sasa hivi.

Miaka thelathini na minane ya nyundo na mabehewa, nadhani alikuwa anaihesabu. Kisha akamuuliza Noreen yule wa kupima masikio anaitwa nani, na kama ni mtu wa maneno mengi.

"Anaongea sana," Noreen akasema. "Lakini wewe hutamsikia lolote."

Lindsay akacheka, kicheko cha kweli, mpaka akalazimika kukaa. Noreen akaenda jikoni kupasha supu ya maboga, nami nikakusanya vifaa vyangu. Hawakutaka niondoke. Tulikula tukiwa tumeshika mabakuli mikononi, tukaangalia filamu ya wezi wa benki aliyoichagua Noreen. Mara tatu Lindsay aliuliza mtu amesema nini, na mara tatu akaambiwa. Filamu yenyewe ilikuwa mbovu, lakini tuliimaliza.