Wenyeji wa Tumbo la Kashindye

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya uji, wasichana wote wa shule walipanga mstari nje ya chumba cha matroni ili wapimwe matumbo. Shule ilikuwa juu kwenye milima ya Iringa, na Julai ile ya mwaka 1976 baridi ilikuwa kali, wakasimama wamekunja mikono ndani ya sweta. Kupimwa kwenyewe hakukuwa na mambo mengi. Unaingia, unalala kwenye benchi, unapandisha blauzi, Matroni Tekla anakubonyeza chini ya kitovu kwa vidole vyake vya baridi, anasema "mzima," unatoka. Aliyekutwa na mtu tumboni alifungasha siku hiyo hiyo. Sheria ilikuwa fupi namna hiyo, na hakuna aliyewahi kuomba irefushwe.

Kashindye binti Limbu, wa kidato cha tatu, alikuwa akiumwa tumbo tangu Pasaka. Maumivu yalimkaa pale juu, chini ya kifua, yakimtafuna kila tumbo lilipokuwa tupu, na kwa chakula cha shule lilikuwa tupu karibu muda wote. Daktari aliyempima alisema ni mawazo, apunguze na pilipili. Pilipili shuleni haikuwepo. Mawazo yalikuwepo. Baba yake, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bonde la Usangu na ng'ombe wake, alishampatia mchumba kule Igawa. Mchumba alikubali kungoja kwa muda wote ambao binti atakuwa shuleni. Siku atakayorudishwa, ndiyo siku ya kuanza maandalizi ya harusi. Kashindye alitaka kuwa mwalimu wa hesabu, na yeye mwenyewe alishamwona huyo mchumba mara moja tu, kwa nyuma.

Matroni alipombonyeza, tumbo likasema, "Taratibu huko nje."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, iliyochoka. Matroni hakuondoa vidole. Kazi ile alikuwa ameifanya miaka mingi, na muhula uliopita tu alimuuguza msichana aliyekuwa akitoka jasho la wino kila mitihani ilipokaribia. Akainamisha sikio. Ndani mlikuwa na zogo la watu wengi: mmoja anatwanga, mtoto analia, wawili wanagombania mahali pa kulala.

"Kuna mtu humu," akasema.

"Matroni, mimi sijakutana na mwanaume yeyote. Haki ya Mungu."

"Sijakuuliza umekutana na nani. Nimesema kuna mtu. Tena si mmoja."

Kashindye akashusha blauzi haraka.

Mkuu wa shule, Mwalimu Kalinga, alipenda kila kitu kifuate utaratibu, hata tumbo. Alimlaza Kashindye juu ya meza ya ofisi, akasogeza kidau cha wino kando, akalihoji tumbo kama anavyohojiwa mtu aliyeingia kijijini bila kupita kwa balozi wa nyumba kumi.

"Mko wangapi humo?"

"Hatuhesabiki," ile sauti ya mwanamke ikajibu kutoka chini, upande wa utumbo.

"Na baba yenu ni nani?"

"Hatuna baba. Tulikuja na maziwa. Mama yake alimnywesha mtindi wa kibuyu tangu hajaota meno, nasi tukaingia, tukajenga. Sisi ni wenyeji. Mwenye makosa ni huyo aliyekaa juu."

"Juu wapi?"

"Hapo chakula kinapoangukia. Muulize mwenyewe, mdomo anao."

Kisha ikaja sauti nyingine, ya kiume, ya polepole, yenye Kiswahili cha ofisini.

"Ndugu Mkuu, mimi nililetwa na maji. Nimechimba ukutani, nimejifunika, sina ugomvi na mtu. Nilikuta moto mkali humu, nikaupunguza kidogo, maana haukufaa kwa makazi."

"Moto huo ndio uliokuwa mlinzi wetu!" mwanamke akafoka. "Zamani kila takataka iliyopita hapo iliungua. Sasa inatushukia mbichi. Watu tusiowajua wamejaa mpaka jikoni kwetu. Koo nyingine zimekwisha kabisa, nyingine zimesukumwa huko mwisho kusiko na chakula. Tunapiga kelele kwa sababu tunahamishwa."

Mwalimu Kalinga alikuwa amesimamia kuhamishwa kwa vijiji viwili, na neno hilo halikumsumbua. Aliuliza ni maji gani.

"Ya pipa la bwaloni," akasema yule wa juu. "Mfereji unapita chini ya banda la nguruwe, unajaza pipa, na wasichana wote wanachota kwa kikombe kimoja kilichofungwa mnyororo. Ndugu zangu wamo katika kila tumbo hapa shuleni. Mtume mtu akasikilize."

Matroni Tekla akaenda kusikiliza. Aliporudi alisema ni kweli. Kila tumbo aliloliwekea sikio lilikuwa na bwana mmoja ametulia kule juu, anakohoa kidogo kama mtu aliyeshiba. Chini palikuwa kimya. Kwa wasichana wengine watu wa chini walishaondoka bila neno. Hawa wa Kashindye, waliolelewa kwa mtindi mpaka wakaota usugu, ndio pekee waliobaki na nguvu ya kulalamika.

Habari ya bomba la maji safi kila mmoja aliijua. Wasichana wenyewe ndio waliochimba mtaro mwaka uliotangulia, Jumamosi baada ya Jumamosi, kutoka chemchemi ya mlimani hadi bwaloni. Bomba lilipofika nyumbani kwa mkuu wa shule lilisimama kwa muda. Bado lilikuwa limesimama. Kabichi za mkuu wa shule zilikuwa nzuri sana, na hilo halina ubishi.

"Hatuwezi kufukuza shule nzima," Matroni akasema.

"Nani amesema shule nzima? Sheria inamhusu anayesikika." Mwalimu Kalinga akafunga kidau cha wino. "Baba yake aitwe."

Kashindye aliwekwa katika chumba cha wagonjwa kama mzigo unaosubiri mwenyewe. Hakuruhusiwa darasani. Alisoma hesabu peke yake huku watu wa chini wakigombana, na kila gari liliponguruma mlimani alikimbilia dirishani.

Limbu alifika juma lililofuata, amevaa koti kuukuu la jeshi, fimbo mkononi. Kwa jinsi alivyokwepa kumtazama, Kashindye alijua kwamba mchumba ameshaambiwa. Mzee hakuuliza mengi. Ofisini, mbele ya Mwalimu Kalinga na Matroni, alivua kofia, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye tumbo la mwanawe.

"Mwadila," akasalimu.

"Mwadila, baba," wakaitikia wengi kwa pamoja, kwa Kisukuma cha nyumbani kwake hasa. Wakamuuliza habari za ng'ombe, naye akawaeleza, mmoja mmoja kwa rangi zao. Macho yakamlowa.

"Mwalimu," akasema aliponyanyuka, "hii siyo mimba. Hawa ni wa kwetu. Wale wa kibuyu."

"Sheria haisemi mimba, mzee wangu. Inasema mtu tumboni."

"Basi namchukua. Kwangu kuna mtu anamngoja."

"Baba!" Kashindye akamshika mkono wa koti. "Baba, nakuomba. Nimalize. Nimebakiza mwaka mmoja na kitu tu."

Limbu akatazama chini. Alimpenda binti yake, na hakujua afanye nini na upendo huo mbele ya mkuu wa shule.

Hapo Mwalimu Kalinga akafungua mtoto wa meza, akatoa chupa ya vidonge, nusu vyekundu nusu njano. Akasema kwamba yeye si mtu mbaya, na njia ipo. Dawa ile ingewanyamazisha. Tumbo likinyamaza, binti anabaki. Na habari za maji nazo zingekwisha, maana hazingekuwa na wa kuzisema.

"Na yule wa juu?" Limbu akauliza.

"Yule hana matatizo. Ni mstaarabu."

Wote watatu wakamtazama Kashindye, kikombe cha maji kikiwa tayari mezani. Alikuwa na miaka kumi na sita.

"Usimeze, mwanangu," mwanamke akasema kutoka chini, bila ukali. "Sisi ndio tunaokuvunjia chakula chako. Tukiondoka, utakula usishibe."

"Nikirudi nyumbani nitaolewa, bibi."

"Najua."

"Mnisamehe," Kashindye akasema huku analia, akameza.

Dawa ilichukua siku kadhaa. Wenyeji hawakuondoka kwa fujo. Walitoka ukoo kwa ukoo, wamebeba vinu na vibuyu vyao, na Kashindye alikuwa akikimbilia chooni kila ukoo ulipoaga. Yule mwanamke alitoka wa mwisho. Alifagia kwanza. Yule wa juu, dawa ilipomfikia, alijivutia blanketi lake la utelezi pale ukutani akangoja ipite, nayo ikapita.

Limbu alirudi Igawa akamwambia mchumba aendelee kungoja. Matroni alibonyeza tena, akatega sikio, akasema, "Mzima." Kashindye akarudi darasani na kuwa wa pili katika hesabu. Kila alichokula kilimpita kama maji, akakonda mpaka shingo ya sweta ikamlegea.

Muhula uliofuata wasichana walichimba mtaro tena. Afisa elimu alikuwa anakuja kukagua mradi wa nguruwe, na ingekuwa aibu nguruwe wa mradi kukutwa wananywa maji machafu. Bomba likatolewa nyumbani kwa mkuu wa shule kuelekea bandani. Kashindye alipangwa kundi la mbele. Katikati ya kazi maumivu yakambana chini ya kifua, akachutama, ameegemea mpini wa jembe.

Mwalimu Kalinga, aliyekuwa akipita kukagua, akasimama juu ya mtaro.

"Tumbo linasemaje?"

"Halisemi kitu, mwalimu."

"Vizuri sana," akasema, akaenda zake.

Alipokwisha kufika mbali, yule wa juu akaongea, kwa sauti ya chini iliyomfikia Kashindye peke yake.

"Chimba taratibu, binti. Mimi na wewe tuna miaka mingi mbele yetu. Mimi sihami."

Kashindye alingoja, kwa mazoea, wa chini wamjibu. Kisha akainua jembe.