Kadi Iliyong'ang'ania Waya

Nthambi alipoteremka kwenye bodaboda pale kisimani, kusini mwa mji wa Kajiado, alijua kwa jinsi watu walivyomtazama kwamba mwenzake Wahome alishasema yake. Hakuna aliyempa kiti. Ng'ombe walikuwa wanalamba saruji ya birika kavu, na pampu iliyoungua ilikuwa imelazwa juu ya gunia mbele ya wanakamati.

Yeye na Wahome walikuwa na karakana moja Kitengela. Wahome alichora bodi za vifaa vya elektroniki na kuunganisha vipuri; Nthambi aliandika programu. Kifaa walichofunga hapa kilipima maji ya kisima, kikazima pampu maji yakishuka, kisha kikaandika vipimo kwenye kadi ndogo ya memori kama zile za simu. Lakini tangu Wahome alipomtambulisha kwa mteja kama "msichana wangu wa kompyuta", walikuwa wakiongea kwa meseji tu, ingawa meza zao zilitazamana.

Mzee Parmuat, mwenyekiti wa kamati, alimwambia bila salamu kwamba mwenzake ameshaeleza: programu yake ililala, pampu ikazunguka bila maji mpaka ikaungua. Nthambi aliomba afungue kifaa. Wahome, aliyekuwa ameegemea pikapu yake, alisema hakuna haja, kosa linajulikana.

"Fungua," Parmuat alisema.

Nthambi alichomeka waya wa serial, ule unaotoa maneno ya chipu, ubongo wa kifaa, moja baada ya jingine hadi kwenye laptop. Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini, na yote ilisema jambo moja: kisima kimejaa. Parmuat aliokota jiwe akaliangusha kisimani. Lilisikika likigonga mwamba mkavu.

"Kimejaa nini?" aliuliza.

Nthambi aliichomoa kadi. Mara moja mistari ikabadilika: hakuna maji. Akaigeuza kadi mkononi. Hakuwa ameiona hata siku moja.

"Hii kadi imetoka wapi?"

"Ile ya kwanza iliharibika," Wahome alisema. "Nikaweka ingine."

"Na hukuniambia."

"Nikuambie kama nani?"

Nthambi aliwageukia wanakamati, akawaeleza polepole kwamba kadi na kipimo cha maji vinatumia waya mmoja kuijibu chipu. Kila kimoja hujibu kikiitwa, kisha huachia waya. Kadi hii ilimaliza kujibu ikaendelea kuushikilia. Chipu ilipouliza maji yako wapi, ilisikia kadi badala ya kipimo, na sauti ya kadi ilimaanisha kujaa.

Macho yote yakamwendea Wahome. Mwanamume mmoja alimwambia kwa Kimaasai maneno ambayo hakuna aliyejisumbua kumtafsiria.

Nthambi angeweza kunyamaza hapo, na alitamani sana kunyamaza. Lakini alijua kitu ambacho pale kisimani hakuna mwingine angekiona. Kadi ikishaambiwa imalize, chipu inatakiwa kuipigia mapigo machache ya ziada, kama mapigo ya saa, ili iachie waya. Programu yake haikufanya hivyo. Kadi ya kwanza ilikuwa inaachia yenyewe, kwa hiyo hakugundua. Akinyamaza, kadi yoyote nyingine ingeweza kuunguza pampu mpya.

"Mimi pia nimekosea," alisema, na akaeleza.

Wahome alicheka. "Mmesikia wenyewe. Nilisema nini?"

"Nimesikia watu wawili," Parmuat alimjibu. "Nyamaza. Hakuna anayetoka hapa kabla hiki kitu hakijaacha uongo."

Nthambi aliandika mistari ya programu iliyokosekana akiwa amechuchumaa juani. Kisha akataka kipimo kipewe waya wake peke yake, na hiyo ilikuwa kazi ya Wahome. Aliifanya bila kumtazama. Wakati mmoja aliipitisha ncha ya moto ya chuma cha kulehemu karibu sana na vidole vya Nthambi, naye akaondoa mkono. Walirudisha kadi ile ile. Parmuat mwenyewe alichovya kipimo kwenye pipa la maji, akakitoa, akakichovya tena. Kila kilipotoka, swichi ya pampu ilijizima.

Kamati ilikaa kando, ikarudi na uamuzi: kifaa kitabaki, ila kuanzia sasa wawili hawa hawataitwa pamoja tena kamwe. Ataitwa Nthambi tu.

Wahome alitupa vifaa vyake kwenye pikapu akaondoka, akamwacha hapo hapo. Nthambi alipofika Kitengela alikuta kufuli mpya kwenye mlango wa karakana. Vitu vyake vilikuwa kwenye gunia, kwa Ciku wa duka la dawa la jirani, ambaye alimkabidhi huku akiangalia chini. Alimpigia Wahome simu, ikakatwa. Kisha meseji ikaingia: "Sasa hiyo programu utaiweka kwa bodi ya nani?"

Alibeba gunia hadi nyumbani, akasogeza sufuria kwenye meza ya jikoni, na kesho yake akaanza kujifundisha kuchora bodi. Za kwanza zilitoka mbovu, na vidole vyake vikaungua. Wahome huonana naye barabarani hadi leo. Hawasalimiani.