Injini Iliyokataa Kuitwa Hii

Usiku wa jana niliota, na nitasimulia kama nilivyoota, bila kutia chumvi, kwa sababu mimi si mtu wa kuota ovyo.

Niko uani kwangu, hapa Liuli kando ya ziwa, asubuhi. Injini ya boti ya marehemu kaka yangu Kosmas nimeifunga kwenye pipa la maji. Ni ya zamani, rangi yake ya kijani imebaki mabaka. Tangu Kosmas azikwe haijatoa mlio. Nimeifungua yote, nimesafisha kabureta, nimebadilisha plagi na ringi za pistoni. Kimya. Mke wangu, Mama Osmund, amechoka kupika ugali unaonuka petroli, na tumekubaliana: asubuhi hii isipowaka, Bwana Mbaraka wa vyuma chakavu anakuja kuichukua. Hayo yote ni ya kweli, wala si ya ndoto.

Ndoto inaanza ninapovuta kamba.

"Nani anapiga hodi?" inauliza plagi.

"Mimi, Baba Osmund."

"Hujapiga hodi. Umevuta tu. Kwenu watu huingia kwa kuvuta?"

Kwamba plagi inasema hakunishangazi. Kinachonisumbua ni kwamba ina haki. Nagonga kifuniko cha injini, nasema hodi, kinafunguka, naingia.

Ndani ni lile darasa la masomo ya jioni nililosomea nikiwa tayari baba wa watoto. Karabai inawaka. Kabureta imekaa dawati la mbele, imejifunga skafu shingoni. Ringi za pistoni zimejipanga ukutani, zinajitazama kwenye kioo.

"Hizo mbona hazifanyi kazi?" naiuliza kabureta.

"Ni ringi," inajibu, ikikohoa. "Zikiwa mpya zinaringa kwanza. Na usiniongeleshe sana. Umenisugua koo kwa mswaki wa mkeo."

"Mswaki wenyewe ulikuwa umechakaa."

"Yeye analijua hilo?"

Najifanya natafuta dawati.

Injini inaingia, ikitembea kwa propela, inaacha maji sakafuni. Darasa zima linasimama. Kumbe ndiyo mwalimu.

"Wewe mwenye mvi. Njoo ubaoni. Tunga sentensi yenye neno injini."

Kwa sarufi simwogopi mtu. Naandika kwa mwandiko mzuri: *Injini hii imekufa.*

Darasa linaguna.

"Umekosa," inasema Injini.

"Hapana kosa hapo. Injini ni ngeli ya I-ZI. Injini imekufa, injini zimekufa."

"Meza ilishawahi kufa?"

"Meza huvunjika."

"Jiwe?"

"Jiwe hupasuka."

"Basi anayekufa ni yule aliyekuwa hai. Na aliyekuwa hai haitwi hii, huitwa huyu. Chagua, mzee. Kama mimi ni hii, sijafa, na ulikosea kuutangazia mtaa. Kama nimekufa, mimi ni huyu. Sasa mbona hukuweka matanga?"

Nachanganyikiwa. Nafuta *hii*, naandika *huyu*, nalitazama, nalifuta. Haliandikiki. Mkono wenyewe unakataa.

"Amua," inasema chaki. "Mimi naisha."

Nje sauti inaita: "Vyuma chakavu! Vyuma chakavu!" Darasa linainama upande mmoja. Maji yanaingia chini ya mlango, kisha mlango haupo, na tuko katikati ya ziwa, tumeketi kwenye madawati yanayoelea. Hakuna anayeuliza kitu, nami naona aibu kuwa wa kwanza. Kutoka mbinguni inashuka ndoano ya mizani, kubwa kama nanga, inaishika Injini kwenye kifuniko na kuanza kuinyanyua.

"Napima hii?" inauliza mizani, kwa adabu kabisa.

Wote wananitazama. Hata ringi zimegeuka kutoka kwenye kioo. Najua nikisema ndiyo, kitu cha mwisho cha kaka yangu kitakwenda kuyeyushwa kiwe nondo. Najua pia nikisema neno lile jingine nitakuwa nimeharibu Kiswahili mbele ya darasa.

"Huyu," nasema.

Ndoano inasita. "Huyu nani?"

"Huyu... mkubwa wangu."

"Mkubwa wako?" inadakia plagi. "Na hujamwamkia?"

Hapo nakwama. Tangu tumzike Kosmas, katika ukoo wetu hakuna aliyebaki wa kunizidi umri. Shikamoo zote zinakuja kwangu. Mdomo wangu umezoea kuitikia, umesahau neno lile linatokaje.

Injini ananitazama, akining'inia, maji yakimchuruzika.

"Kila siku unanijia na spana," anasema. "Spana, bisibisi, mswaki. Kosmas alikuja na salamu. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kamba, 'Shikamoo, mzee.' Wewe ulikuwa unamsikia kutoka jikoni. Ulidhani anasema na nani?"

"Nilidhani ni utani wake."

"Ulikuwa utani. Lakini mimi nilikuwa naitikia."

Maji yamenifika kifuani. Naishika kamba. Siivuti. Naishika tu, kama mtu anavyoshika mkono wa mzee mgonjwa.

"Shikamoo," nasema.

Povu moja linapanda.

"Mara," anasema Injini, na kukohoa. "Mara. Maraha. Marahaba. Marahaba-rahaba-rahaba-rahaba..."

Ndoano inaachia. Darasa zima linaondoka kwa kasi, madawati yanapasua maji, kabureta inashikilia skafu yake, ringi zimesahau kabisa kuringa. Nyuma yangu kuna mtu anacheka kicheko cha Kosmas. Nataka kugeuka nimwone, lakini mwenye kushika usukani hatazami nyuma, na usukani, sijui tangu lini, ninao mimi. Naushika kwa nguvu. Nalia, na upepo unanikausha.

"Baba Osmund! We Baba Osmund!"

Mke wangu alikuwa ananitikisa bega. "Amka, baba. Mbaraka yuko uani."

Nilijifunga shuka nikatoka upesi, maneno ya kumzuia yakinigongana mdomoni. Sikuyahitaji. Bwana Mbaraka alikuwa ameshaifunga mizani yake nyuma ya baiskeli, amenuna.

"Mzee, ungenitumia ujumbe nisisumbuke," akasema. "Mimi nanunua chuma kilichokufa."

"Kwani vipi?"

"Vipi nini? Mguse mwenyewe. Huyu ametoka kazini sasa hivi."

Akapuliza vidole vyake, vilivyokuwa vimebabuka.