Mshipi Juu ya Tumbo

Nitasema mapema ili nisisumbuliwe baadaye: mimi sipendi umbea, na mdomo ninao. Miaka ile ya tisini nilikuwa nashona nguo kwenye baraza ya duka la Mahmud pale Kosele, mimi Rael, Mkisii kati ya Wajaluo, cherehani yangu imeelekea barabara. Kila aliyepita nilimwona. Na kila aliyefungua kinywa kusema mwili wa mwenzake nilimjibu, ndiyo maana wengine walipeleka vitambaa vyao kwingine. Waende. Ninayetaka kumsimulia hapa ni Jerusha, mwanamke niliyemheshimu kuliko wote waliowahi kupima nguo kwangu.

Jerusha aliolewa Kosele kutoka Uriri, kwa hiyo ukoo wa mumewe ulimwita Nyar Uriri, yaani binti wa Uriri. Sokoni, alikouza viazi vitamu, tulimwita Mama Mapacha kwa sababu ya wasichana wake wawili, Apiyo na Adongo. Mumewe alifariki wasichana hao hawajaanza shule. Jerusha alikuwa na shingo ndefu, mikono myembamba, na miguu ya mtu aliyezoea kutembea. Lakini mapacha walipotoka waliliacha tumbo nyuma, nalo likakataa kuhama.

Ungemwona kwa mbele ungesema ana mimba ya miezi mitano. Na watu walisema! Wanawake walimwinukia kanisani wampe kiti. Mteja alimwambia, "Hongera, mama, tena ni pacha?" huku akichagua viazi. Jerusha alicheka nao vizuri, akawafungia viazi vyao, kisha akaja kwenye baraza yangu akakaa nyuma ya cherehani na kulia.

"Rael, hii tumbo ni mpangaji amekataa kutoka," aliniambia siku moja. "Halipi kodi na hahami."

Kilichoniuma zaidi kilikuwa makambi. Kila Agosti Wasabato wa eneo zima hukusanyika chini ya mahema kwa juma zima, na kwaya ya kina mama hushonewa sare mpya. Sare yetu ilikuwa gauni la buluu lenye mshipi mweupe kiunoni. Jerusha ndiye aliyekuwa na sauti. Akianza wimbo, hata watoto wakorofi walinyamaza. Lakini gauni lake aliniomba nilishone bila mshipi, lenye marinda mengi kutoka kifuani ili yafunike, na yeye alisimama mstari wa nyuma, amejificha nyuma ya wanawake warefu, akiongoza kwaya kutoka huko. Wageni waliuliza ile sauti ni ya nani. Nilikasirika kila mwaka.

Usidhani hakujaribu. Alikunywa maji ya moto na ndimu kila asubuhi mpaka meno yakamlegea. Aliacha ugali wa jioni, akawa anawapakulia mapacha na kuwatazama tu. Alitembea kwa kasi kabla ya jua kutoka kuelekea Oyugis, kwenye hospitali, na kurudi, na watu wakauliza nani mgonjwa kwao. Mchuuzi mmoja wa gulioni alimshauri anywe chumvi ya haluli, akashinda siku nzima chooni. Alipotoka uso ulikuwa umekonda, macho yameingia ndani, na tumbo liko palepale. Nilimtafuta yule mchuuzi soko zima nimpe maneno yake.

Aliyemsaidia kweli alikuwa Ruqia, mke wa Mahmud mwenye duka, tuliyemwita Mama Yassir. Ruqia alizaliwa Lamu, na ingawa alikuwa ameishi huku bara miaka mingi, Kiswahili chake hakikuwahi kuchanganyika na chetu. Alimsikia Jerusha akilia nyuma ya cherehani, akatoka na kitambaa cheupe cha marekani, kirefu ajabu.

"Dada, ulipojifungua hukufungwa mkaja?" aliuliza.

"Mkaja ni nini, Mama Yassir?"

"Ala! Kwetu mzazi akishajifungua hukandwa kwa maji ya moto, kisha hufungwa kitambaa hiki tumboni, kuanzia nyonga hadi mbavuni, arubaini nzima. Ndipo tumbo lirudi mahali pake. Lako limechelewa, lakini kawia ufike. Njoo ndani."

Tangu siku hiyo Jerusha aliingia kwa Ruqia kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, akakandwa, akafungwa. Alitembea wima kama askari. Na sijui kama ni mkaja, au ni kule kutembea, au ni kule kupata mtu wa kumshika tumbo bila kumcheka, lakini ilipofika Januari nilimpima gauni na futi yangu ya kitambaa ikaonyesha tofauti. Nilimwonyesha. Alizunguka baraza akicheza, akamkumbatia Ruqia, akanikumbatia mimi na pini zangu mdomoni.

"Mwaka huu naweka mshipi!" alisema. "Makambi ya mwaka huu nasimama mbele!"

Nilifurahi kuliko hata siku yangu ya harusi, ambayo kwa kweli haikuwa na mengi.

Sasa sikiliza ubaya ulivyoingia. Jerusha alifua ule mkaja akauanika kwenye ua wa nyumba yake. Caren, mke wa shemeji yake, akapita akauona. Huku kwetu hakuna anayejua mkaja. Huku, mwanamke anayejifunga tumbo kwa kitambaa ni yule anayeficha mimba. Wasichana wa shule hufanya hivyo mpaka siku wanapoanguka darasani. Kufikia jioni, boma zima lilijua kwamba Nyar Uriri, mjane, ana mimba na anaibana.

Shemeji huyo aliitwa Obunga. Baada ya kifo cha kaka yake alitaka kumrithi Jerusha kama mila inavyosema, na Jerusha akamkatalia kwa adabu, akasema kanisa lake haliruhusu na moyo wake hauruhusu. Obunga hakusahau. Aliitisha kikao cha ukoo nyumbani kwa Mzee Ogwang', baba mdogo wa marehemu. Mimi si wa ukoo, lakini nilimsindikiza Jerusha nikakaa mlangoni, na aliyetaka kunitoa alitazama uso wangu akabadilisha mawazo.

"Mjane akishika mimba ya nje kabla mila haijafanywa, hiyo ni chira," alisema Obunga. "Hiyo laana itaua watoto ya hii boma. Arudi kwao Uriri. Apiyo na Adongo ni watoto wa hapa, watabaki hapa."

Nilimwona Jerusha akishika ukuta. Nyumba angeweza kujenga nyingine. Lakini mapacha!

"Sina mimba, baba," alimwambia Mzee Ogwang'. "Hii ni tumbo yangu tu. Iko hivi tangu nizae."

"Na kitambaa ya kujifunga?" Caren alidakia.

"Ni dawa ya kupunguza tumbo. Mama Yassir ndiye alinipa."

Walicheka. Wanaume wazima walicheka, na nilijua kwa nini: kwao tumbo la mwanamke lilikuwa na kazi moja tu, wala hawakuwahi kufikiri mwenyewe anaweza kuwa na shida nalo. Nilimwambia Jerusha tumchukue muuguzi ampime na kuandika. Obunga alisikia. Akasema karatasi hununuliwa.

Mama mkwe wa Jerusha alikuwa pembeni, kibibi mkimya. Hakucheka, lakini hakusema kitu pia.

Mzee Ogwang' alikuwa mtu wa pole. Alifikiri sana, kisha akasema, "Mimba haifichiki. Tutangoja mpaka makambi. Kama ni mimba, kufikia hapo mtoto atakuwa amelia. Kama hakuna mtoto, Nyar Uriri atakaa kwake na hakuna mtu atamsumbua tena, hata wewe Obunga."

"Sawa," alisema Obunga. "Lakini hiyo tumbo ikiisha kabla ya wakati, tutajua ameitoa. Na hiyo ni mbaya zaidi."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mwanamke amehangaika na tumbo miaka yote, ndiyo kwanza limeanza kumtii, na sasa likipungua anaporwa watoto.

Kesho yake asubuhi Jerusha alikuja kwa Ruqia. Alifungua mkaja mbele yetu, akaukunja vizuri, akaurudisha.

"Niwekee, Mama Yassir. Na kama kuna mahamri, nipe."

Alikula mahamri matatu pale pale, akilia. Nimeona watu wakila kwa njaa na kwa tamaa. Sijawahi kumwona mwingine akila kwa ajili ya watoto wake namna ile.

Miezi iliyofuata alilinda tumbo lake kama wengine wanavyolinda ng'ombe. Ugali wa jioni ulirudi. Na kila mtu sasa alilitazama tumbo lile waziwazi, mchana kweupe, kana kwamba ni mali ya soko. Wengine walikuja kununua viazi wasivyovihitaji ili tu watazame. Jerusha angeweza kujifunika leso. Hakujifunika. Alivaa blauzi zake akakaa wima nyuma ya viazi, akawasalimu kwa majina yao. Mimi ningewarushia viazi.

Mwezi wa tano malaria ikamwangusha. Juma zima hakupitisha kitu kooni, na alipoinuka nilishtuka: tumbo ambalo ndimu na haluli vililishindwa lilikuwa limeanza kulegea! Tumbo lina roho mbaya. Ruqia alimpikia supu ya mbuzi. Mimi nilimpikia uji wa wimbi wenye siagi, nikamsimamia kwa mwiko.

"Rael, nimeshiba, yawa."

"Hujashiba. Fikiria Adongo."

Akanywa. Tulipomaliza bakuli tulitazamana tukaanza kucheka mpaka Mahmud akachungulia. Miaka yote nilikuwa namsaidia kulificha, na sasa namlazimisha kulinenepesha. Kufikia Julai tumbo lilikuwa mahali pake, duara kamili, wala halikuzidi.

Ndipo akaja kupima sare ya makambi. Nilikuwa nimeshakata kitambaa kwa marinda, kama kawaida.

"Hapana," alisema. "Nishonee kama wengine. Na mshipi."

"Jerusha, mshipi utapita juu ya tumbo. Utalionyesha lote."

"Si ndivyo nataka? Wameingoja miezi yote hii. Waione."

Nikakiweka kando kile kitambaa nilichokikata, nikachukua kingine. Nilishona mshipi mweupe, mrefu kuliko wote niliowahi kushona, na kila nilipokanyaga cherehani nilimwombea.

Siku ya Sabato ya makambi mahema yalijaa hadi watu wakakaa kwenye nyasi, na ukoo mzima wa Mzee Ogwang' ulikuwa umekuja kutazama. Kwaya ilipoitwa, Jerusha hakwenda mstari wa nyuma. Alipita katikati ya wenzake akasimama mbele kabisa, akageukia watu. Gauni la buluu lilimkaa vizuri, na ule mshipi ulipita juu ya tumbo, mweupe, ukionekana hadi kwenye nyasi. Mnong'ono ulipita chini ya mahema. Nilimwona Caren akihesabu kwa vidole, akarudia, akaacha. Hakuna mimba inayokaa hivyo tangu Januari bila kukua na bila kuzaa, na kila mwanamke aliyekuwa pale alijua hivyo.

Jerusha akashika mshipi wake kwa mikono yote miwili na kuanza wimbo. Sauti ile haikupita tena katikati ya mabega ya watu wengine. Ilitoka moja kwa moja ikatufikia. Nililia na sioni haya kusema hivyo. Nilijivunia kuwa rafiki yake.

Wimbo ulipokwisha, mama mkwe wake aliinuka. Alitembea taratibu na fimbo yake hadi mbele, akaweka kiganja juu ya ule mshipi mbele ya watu wote.

"Wajukuu wangu walilala hapa," alisema kwa Kijaluo, kwa sauti ndogo ambayo tulioketi mbele tuliisikia vizuri. "Nilijua, na nilinyamaza. Nisamehe, nyathina."

Nyathina ni mwanangu. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Mzee Ogwang' alivua kofia. Mahali alipokuwa amekaa Obunga palikuwa na kiti kitupu.

Jumatatu Jerusha alikuja barazani, mapacha wakimfuata. Ruqia alitoka dukani mbio na mkaja wake mkononi, umefuliwa na kukunjwa.

"Haya dada, yamekwisha! Sasa tuendelee tulipoachia. Ukifika mwaka ujao utakuwa na kiuno cha nyigu."

Jerusha aliupokea, akaupapasa, akacheka. Kisha akamrudishia.

"Asante, Mama Yassir. Lakini hii tumbo nimeitukana miaka mingi, na siku nilishtakiwa, ndiyo peke yake ilisimama ikanitolea ushahidi. Sasa nitaifukuzaje?"

Ruqia alinitazama mimi, nami nikamtazama Jerusha. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya cherehani, upande wa barabara, si nyuma. Akatoa kikapuni lile gauni lake la zamani, lile la marinda, akaniambia nilitengeneze upya liwe na mshipi.

Nikalipokea, nikachukua wembe, nikaanza kufumua rinda moja baada ya jingine, naye akawa anakula mahamri na kuwasalimu wapita njia.