Mgeni wa Saa Kumi

Alhamisi, saa kumi kasorobo, Gerlinde Pohl aliteleka birika, akatoa keki ya plamu kwenye tanuri na kuikata vipande sita, ingawa walaji walikuwa wawili. Ndivyo alivyozoea kukata tangu alipoolewa. Mlango wa chini ulibamizwa, hatua zikapanda mpaka ghorofa ya tatu, na mjukuu wake Jette akaingia na mvua ya Oktoba kwenye nywele. Alivua viatu mlangoni, akavaa ndara za sufu, akaweka simu yake mezani kando ya bakuli la sukari.

"Umekonda," bibi alisema.

"Bibi, ulisema hivyo wiki iliyopita."

"Na wiki iliyopita ulikuwa umekonda."

Ndipo mtu akatoka kwenye simu. Alitoka polepole, kama unga unavyoumuka: kwanza nywele zilizochanwa upande, kisha ukosi wa shati, kisha mabega. Alipofika kiunoni alishika ukingo wa meza, akajivuta, akashuka sakafuni bila kuigusa keki. Alikuwa mtu wa makamo mwenye koti la kijivu, na uso ambao ukigeuza macho unausahau. Mkononi alikuwa na daftari dogo.

Gerlinde alimtazama miguuni.

"Baba, humu ndani hatuingii na viatu."

"Nisamehe, mama." Akavua, akavipanga ukutani kando ya vya Jette.

Hakukuwa na ndara nyingine ila za marehemu Manfred, mume wa Gerlinde, zilizokaa chini ya kabati miaka kumi na moja. Zilimtosha.

"Msinijali," alisema, akivuta kiti. "Endeleeni tu na mazungumzo yenu."

Gerlinde akatoa kikombe cha tatu, akamimina kahawa, maana mtu aliyekaa mezani hukaa na kikombe.

Jette alikuwa na sababu ya kuogopa. Kule mashariki, katika nchi ambayo hakuitaja jina hata nyumbani, kulikuwa na muuguzi aitwaye Tsimafei. Kosa lake ni kuwafunga majeraha vijana waliopigwa na polisi kwenye maandamano uwanjani. Alikuwa amejificha miezi mitano kwa shangazi yake, nyuma ya ghala la viazi. Jette na wenzake walikuwa wakimkusanyia pesa za dereva wa kumvusha mpaka. Benki huuliza maswali, kwa hiyo walitumia zile sarafu za mtandaoni zisizo na benki wala nchi, zenye kufuli tu. Kufuli hilo hufunguka kwa maneno kumi na mawili yaliyopangwa kwa mfuatano maalumu. Nazo barua za Jette na Tsimafei zilipita kwenye simu zikiwa zimefungwa hivyohivyo, mpaka hata aliyetengeneza njia hakuweza kuzisoma. Ndivyo ilivyosemwa.

Maneno hayo Jette aliogopa kuyaweka kwake. Bibi ndiye aliyepata akili. Kwenye stoo ya chini, chini kabisa ya jengo ambako simu haishiki mtandao, alikuwa na rafu ya chupa za jamu. Alibandua karatasi za majina kwenye chupa kumi na mbili, akabandika nyingine zenye neno moja moja, kwa mwandiko wake wa kulala upande. Daraja. Sabuni. Shangazi. Mkia. Ukisoma kutoka kushoto kwenda kulia, unafungua.

Sasa Jette alimgeukia yule mtu.

"Kwa hiyo mmelivunja kufuli?"

Mgeni alionekana kuumia kidogo. "Kufuli? Hapana, binti. Lile ni kufuli zuri sana. Wenzangu wa hesabu walihangaika nalo miaka na miaka, mmoja akapata vidonda vya tumbo. Hatuligusi." Akafuta makombo mdomoni. "Lakini barua lazima isomwe. Na anayeisoma anaifungua mwenyewe, anaishika hivi, mbele ya macho. Mimi hukaa hapo."

"Hapo wapi?"

"Begani," alisema. "Keki ni nzuri, mama. Ina mdalasini?"

Gerlinde alijibu kwamba ina mdalasini. Alikuwa akikumbuka barua za dada yake aliyekuwa upande wa pili, zamani, nchi yao ilipokuwa imegawanywa mbili. Zilifika na gamu iliyojikunja kwa mvuke, zikinuka kahawa ya watu wengine. Kwa sentensi moja katika barua moja, Manfred alikaa jela mwaka na nusu, akarudi mtu wa kunong'ona. Alinong'ona hata kwa kuku. Siku zile mvuke ulitoka kwenye birika la wapelelezi waliozifungua. Leo birika lilikuwa la Gerlinde.

Saa kumi na moja na nusu mgeni alisimama. Jette alikuwa chumbani akitafuta koti lake. Na hapo Gerlinde akafanya alilolifanya miaka hamsini kwa mchungaji, kwa daktari, na kwa mfagia dohani: alishuka stoo, akachukua chupa moja ya jamu, akapanda, akampa mgeni anayeondoka. Kwake hakuna aliyetoka mikono mitupu. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kwenye swichi ya taa.

Mlango ulipofungwa ndipo alipokumbuka ni rafu gani.

Alishuka tena akishika ukuta. Kati ya chupa ya sita na ya nane palikuwa na duara safi kwenye vumbi. Gerlinde alikaa juu ya gunia la makaa. Alijiambia kwamba neno moja si maneno kumi na mawili. Alijiambia hivyo mpaka baridi ikampanda mgongoni, na hakumwambia Jette.

Kesho yake alikutana ngazini na Kretzschmar wa ghorofa ya pili, fundi saa mstaafu, akifagia zamu yake.

"Nimesikia na wewe umepata," Kretzschmar alisema.

"Nimepata nini?"

"Ah, Gerlinde, usinifanye mtoto. Huyo wa koti. Wangu ni mwanamke, ana mwaka wa pili sasa. Hataki jibini, na hucheka nikikosea tahajia." Akagonga ufagio kwenye ngazi. "Umechelewa tu. Jengo zima wewe ndiye ulikuwa umebaki. Tulidhani hawakupendi."

"Na humwogopi?"

Kretzschmar aliangalia juu, akaangalia chini, akarudi kufagia pale alipokwisha kufagia. "Mimi sina neno la kuficha," alisema kwa sauti kubwa, kama anayemwambia mtu aliye ndani.

Jette naye hakukaa bure. Alifunga simu kwenye kopo la biskuti. Yule mtu akatoka na makombo kwenye nyusi. Aliiweka kwenye friji. Akatoka akipiga chafya, akaomba chai. Jumanne akaenda daraja la mto Neisse akaitupa majini, akasimama akiangalia viduara mpaka vikaisha.

Alhamisi, saa kumi kamili, kengele ililia. Mgeni alikuwa mlangoni, maji yanamchuruzika, jani la mtoni limekwama kwenye ukosi. Safari hii alivua viatu bila kuambiwa. Chini ya kwapa alikuwa na chupa ya jamu, tupu, imeoshwa vizuri, kama inavyotakiwa kurudishwa.

"Ilikuwa tamu sana, mama," alisema akikaa. "Nimeshindwa kuelewa jambo moja tu. Mama yangu alitengeneza jamu maisha yake yote. Shangazi zangu pia. Kila chupa niliyoiona katika nchi hii imeandikwa tunda na mwaka." Akaigeuza chupa taratibu. "Hii imeandikwa 'mkia'."

Jette alimtazama bibi yake. Gerlinde alitazama kitambaa cha meza.

"Nilikosa miwani," Gerlinde alisema.

"Inatokea," mgeni alisema, akaandika mstari mmoja. Halafu akainuka. "Niwie radhi, naomba nikanawe mikono."

Bafu lilikuwa kulia. Yeye akaenda kushoto, akafungua mlango, akashuka ngazi. Kule stoo simu haishiki, na kabla ya kupewa ile chupa asingeweza kufika. Lakini ukimpa mtu kitu kutoka stoo yako, umeshampa na njia. Wanawake wawili walikaa wakisikiliza. Ndara za Manfred hazikutoa sauti hata kidogo. Kahawa iliota ngozi. Ilipita robo saa, na katika robo saa hiyo Jette alikuwa ameshika mkono wa bibi yake kwa nguvu mpaka pete ikamwingia nyamani.

Alirudi na utando wa buibui begani. "Ahsante," alisema. Akamaliza keki yake.

Alipokwisha kuondoka walishuka pamoja. Chupa kumi na moja zilikuwa mahali pake, hakuna iliyosogezwa. Vumbi lilikuwa limefutwa kwenye karatasi za maneno tu, kwa kitambaa laini.

"Ni mimi," Gerlinde alisema. "Nilimpa kama ninavyowapa wote. Mwanangu, ni mimi."

Jette akasema, "Bibi, wewe ulimpa jamu. Mimi ndiye niliyemleta hapa mfukoni."

Walishauriana mlemle stoo, wakinong'ona kama Manfred. Wasipotuma pesa, dereva hangekuja, na baridi ilikuwa njiani, na watu walishaanza kuuliza kwa nini shangazi ananunua mikate miwili. Wakituma, aliyesoma maneno angeona sarafu zinakokwenda, kwa sababu zile sarafu huacha nyayo zisizofutika. Gerlinde alitaka wasubiri. Jette alisema kusubiri ni kumchimbia Tsimafei kaburi taratibu. Hawakugombana; hawakuwa na sauti ya kugombana.

Jumamosi Jette alikwenda maktaba ya mji, akakaa kwenye kompyuta ya watu wote na maneno kichwani. Alitarajia kukuta mfuko wa sarafu mtupu. Haukuwa mtupu. Hakuna sarafu iliyoguswa, wala mlango haukuwa na mkwaruzo. Akatuma, zikaenda kwa sekunde chache. Akarudi kwa bibi yake anacheka na kulia pamoja.

"Zimepita! Bibi, zimepita zote!"

Gerlinde alimkumbatia. Lakini yeye aliwahi kuishi katika ile nchi ya zamani, naye alijua kwamba barua za dada yake nazo zilifika zote. Hakuna hata moja iliyopotea.

Jumatatu Jette alinunua simu mpya. Ujumbe wa shangazi wa Tsimafei ulikuwa ukimngoja, umefungwa kwa kufuli zuri, haujaguswa na mtu. Aliufungua; ulikuwa mfupi.

"Jana saa kumi walikuja watu wawili. Walivua viatu mlangoni. Walijua mpaka pa kuinama pale kwenye viazi. Tsimafei hayupo. Msiniandikie tena."

Alhamisi iliyofuata keki ilikuwa ya tufaha, maana plamu zilikuwa zimekwisha sokoni. Mgeni alikuja kwa wakati wake. Gerlinde alimngoja akae, akamimina kahawa mpaka mdomoni mwa kikombe.

"Yule muuguzi yuko wapi?" aliuliza.

"Sijui, mama." Alisema kweli; ilionekana usoni. "Mimi nasikiliza na kuandika. Karatasi nikishaipeleka si yangu tena. Inakwenda ofisi nyingine, na ile ofisi ina marafiki, na marafiki wana marafiki. Mimi sijamgusa mtu maishani mwangu."

"Hukumgusa."

"Hata kuku."

Jette aliinuka, akaenda dirishani akawapa mgongo. Nje tramu ilipita, watu wakashuka na miavuli yao, kila mmoja na simu mkononi, na nyuma ya kila bega mtu wa kijivu akitembea bila haraka. Hakuna aliyegeuka.

Simu mpya ya Jette ililia kidogo mezani. Kando ya bakuli la sukari zikatokeza nywele, kisha ukosi. Huyu wa pili alikuwa kijana zaidi, mwenye haya. Alishuka sakafuni, akaona viatu vya mwenzake vimepangwa ukutani, akavua vyake. Alibaki na soksi, akipandisha mguu mmoja juu ya mwingine, maana sakafu ya Gerlinde ilikuwa baridi.

Ijumaa asubuhi Gerlinde alivaa koti akaenda duka la viatu la mtaa wa sokoni. Alisema anataka ndara za sufu, za kiume.

"Za mtu mnene au mwembamba?" muuzaji aliuliza.

"Sijui. Wa kati. Hasikiki akitembea."

Muuzaji alitikisa kichwa, akaonyesha rafu iliyo karibu naye. Ilikuwa tupu.

"Za hao zimekwisha, mama," alisema. "Zitaletwa Jumatatu. Nikuwekee jozi ngapi?"