Mawe ya Kaburi la Sajini

Abdiladif aliamka na kinyongo, akashuka Mto Isiolo na panga kufyeka miiba ya mathenge kuzunguka kaburi la babu yake. Maafisa wa ardhi walikuwa wanakuja. Kulikuwa na mpango wa kuufanya ukingo wote kuwa mali ya umma, na familia yake haikuwa na hati. Ilichokuwa nacho ni kaburi tu: babu, sajini wa Mwingereza, alipewa kipande kile baada ya vita na kuzikwa papo hapo. Kaburi likikubaliwa kuwa ushahidi, ploti inabaki. Likikataliwa, nyumba, gereji na malori vinang'oka.

Maafisa walifika na polisi wa kuwasindikiza, na vijana wanaoosha malori mtoni wakasogea kutazama, maana kwa udaku hao hawana mpinzani. Hapo ndipo Abdiladif alipomwona Jattani, jirani yake Mborana, ambaye ukoo wake tangu jadi umeishi kwenye kilima cha ng'ambo na kunywesha ng'ombe hapo. Alikuwa ameinama ukingoni, upande wa chini wa kaburi, anampakia punda mawe.

Abdiladif alikuwa mtu wa kuwaka kwanza na kuuliza baadaye.

"Warya, wewe! Unabomoa kaburi ya babu yangu?"

"Hii ni mawe ya mto tu, Abdiladif."

"Unapeleka wapi?"

Jattani akawatazama maafisa, kisha akatazama chini.

"Nani amekulipa? Sema!"

"Uliza shangazi yako. Huko nyumbani."

Shangazi! Kumtaja mama mzee mbele ya waosha malori, kama mwanamke wa mtaani! Abdiladif akaona kiza. Pigo la kwanza la panga lilimpata Jattani mkononi alipojikinga, na mfupa ukalia. La pili likamkata shingo karibu na bega. Jattani akaangukia majini, akajaribu kuinuka, akaanguka tena. Bado alikuwa na pumzi ya kusema neno, na maafisa walikuwa karibu. Hakulisema.

Wachungaji wake wakateremka kilima na rungu, vijana wa malori wakasimama upande wa Abdiladif. Kijana mmoja wa kuosha malori akatema meno yake mwenyewe mkononi, mwingine akapasuliwa kichwa kwa spana aliyokuja nayo. Punda alichomwa kisu, akaanguka na mzigo wake. Mawe yaliruka kutoka pande zote, na maji yaliyokuwa na povu la sabuni yakawa mekundu. Polisi walipopiga risasi hewani, watu walirudi nyuma, na Jattani alikuwa ameshakufa.

Shangazi Saadia akaja mbio bila viatu. Abdiladif alimngoja kifua mbele, damu imemfika kwenye kiwiko.

"Eddo, shangazi yangu, nimemtetea babu."

Saadia alimpita. Akapiga magoti majini, akakipakata kichwa cha Jattani na kulia kama aliyefiwa na mtoto. Kisha akamshika mpwa wake shingoni, akamvuta sikio hadi mdomoni pake.

"Mjinga wewe," akanong'ona. "Babu yako hayuko hapo. Mafuriko ya El Nino ilifukua yeye, wewe ukiwa safari ya Moyale. Jattani na baba yake waliingia kwa maji, wakatoa mifupa, wakazika tena huko kwao juu, na dua yote. Mimi ndiye nilirudisha mawe hapa, tusinyang'anywe ploti. Nikawaapisha wanyamaze."

"Na haya mawe?"

"Fisi wamechimba kaburi ya huko juu juzi. Nilimwambia afunike."

Abdiladif aliangalia kilimani. Sasa aliliona: kaburi lililofunikwa nusu kwa mawe mapya ya mto. Mawe ya nusu nyingine yalikuwa yamemwagika hapa, kando ya punda aliyekufa. Aibu aliyoisikia ilikuwa kubwa kuliko hofu ya kitanzi.

Polisi mmoja alikuwa anamfunga pingu. Afisa wa ardhi, uso umempauka, akauliza kama kweli marehemu alikuwa akibomoa kaburi. Saadia alimkazia mpwa wake macho na kutikisa kichwa: usiseme. Neno "ndiyo" lilitosha. Ploti ingebaki, na Jattani angezikwa kama mwizi.

"Hapa hakuna kaburi," Abdiladif akasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Babu yangu amelala kwa akina Jattani. Wao ndio walimzika."

Kisha akawaomba polisi wamfungue kidogo, awapakie wachungaji yale mawe. Wachungaji wakakataa. Walikuwa wameshaanza kuyabeba wenyewe, mmoja mmoja, kupanda kilima.